Kutengeneza kufuli la fremu kwenye kisu cha kukunja

Kufuli la fremu, ambalo mtengenezaji wa visu Chris Reeve alilipa umaarufu kwa kisu chake cha Sebenza, ni upande mmoja wa mpini wenyewe uliopasuliwa ukawa ulimi, nao hujisukuma nyuma ya mkia wa bapa mara kisu kinapofunguka.

Kata pande mbili za mpini kutoka kwenye bamba la titani lenye unene wa milimita 3 hadi 4, uzibane pamoja kwenye jiliwa, na utoboe matundu yote kwa pamoja ili yalingane. Chenga za titani hushika moto, kwa hiyo weka ndoo ya mchanga mkavu karibu, wala usizimwagie maji.

Punguza unene wa shina la ulimi hadi takriban milimita 1.2, kisha uukunje kidogo kuelekea ndani.

Bapa lichomwe na kupozwa liwe gumu kabla ya kuchonga sehemu ya kufungia, kwa kuwa chuma hujipinda kwenye joto. Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Mkia wa bapa husagwa kwa mwinamo wa nyuzi 7 hadi 8, nawe upitishe tupa laini mara chache, uunganishe, ujaribu, ufungue tena, mpaka ulimi ukamate robo ya kwanza ya unene wa mkia. Ukipitiliza, ulimi utafika ng'ambo na bapa litalegea. Makali yanolewe mwisho kabisa, baada ya majaribio yote.