Namna ya Kubeba Kamera ya Video Katika Safari ya Uvuvi wa Dagaa, Ziwa Victoria

Anayetaka kurekodi safari ya uvuvi kutoka mialo ya Mwanza, yaani sehemu za ufukweni ambako mitumbwi hutia nanga na kushusha samaki, anapaswa kuanza kwa kukubali kwamba mtumbwi ni mahali pa kazi, na kwamba nafasi atakayokalia ingeweza kukaliwa na ndoo, kamba au mtu wa kuvuta wavu. Maandalizi yote yanayoelezwa hapa, kuanzia uchaguzi wa kamera hadi mahali pa kuketi, yanalenga kurekodi kazi hiyo bila kuichelewesha na bila kumhatarisha yeyote aliyemo. Nimechagua uvuvi wa dagaa kwa sababu ndio unaowashinda wapigapicha wengi: hufanyika usiku, na mwanga wake ni wa taa peke yake. Wanaokwenda kwenye nyavu za sangara au sato watakuta kwamba sehemu kubwa ya maelezo haya inawahusu pia.

Mwaloni, siku kadhaa kabla ya safari

Iwe ni Igombe, Kayenze au moja ya kambi za visiwa vya Ukerewe, fika kwanza bila kamera. Onana na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo huo, kisha tajiri mwenye mtumbwi, kisha nahodha. Ruhusa ya tajiri peke yake haitoshi, kwa kuwa tajiri hubaki nchi kavu na mwenye kauli majini ni nahodha. Baada ya shikamoo na kujuliana hali, sema wazi unachokitaka: "Mzee, ninaomba kufuatana nanyi usiku mmoja nirekodi kazi yenu. Nitakaa utakaponielekeza, na ukiniambia nizime, nitazima." Ahadi hiyo ya mwisho ina uzito kuliko maelezo marefu kuhusu video yako, mradi uitimize.

Zungumza pia na kila mvuvi atakayekuwamo. Asiyetaka sura yake ionekane aheshimiwe bila kuulizwa sababu, na ukumbuke mahali anaposimama ili usimwelekezee lenzi wakati wa pilikapilika. Suala la malipo limalizwe mapema, kwa sababu makubaliano yanayofanyika alfajiri, watu wakiwa wamechoka na dagaa wakisubiri kuanikwa, huzaa ugomvi. Kama unatengeneza filamu ya kuonyeshwa hadharani, unahitaji kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, na kama utatumia droni, kuna kibali kingine cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Maji ya hifadhi za taifa za Saanane na Rubondo yana taratibu za TANAPA, shirika linalosimamia hifadhi hizo.

Kuna jambo moja ambalo sitaki lipite kimyakimya. Ukigundua kwamba mtumbwi unabeba kokoro (wavu wa kukokota) au timba (wavu wa uzi mmoja wa nailoni), au kwamba safari ya sangara unayoalikwa inalenga samaki wasiofikia sentimita 50, usipande. Zana na vipimo hivyo vinakatazwa katika kanuni zilizo chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003, na video yako itakuwa ushahidi dhidi ya watu waliokukaribisha kwa nia njema. Aidha, samaki hao wadogo wangezaa ziwa hili likaendelea kutulisha.

Kuchagua usiku

Uliza giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, linaanza lini. Dagaa huvutwa na mwanga wa taa, na mbalamwezi inapotanda juu ya maji taa hizo hupungua nguvu. Ndiyo maana wavuvi wengi wa dagaa hupumzika siku za mwezi mpevu na kurudi kazini giza linapoingia. Kwa kuwa mwezi hukamilisha mzunguko wake kwa siku 29 na nusu hivi, unaweza kupanga safari yako wiki mbili kabla. Katikati ya giza ndipo mitumbwi mingi hutoka, na ukitazama kutoka ufukweni utaona taa zimejipanga upeoni hadi ukadhani kuna mji mwingine ng'ambo.

Fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa mchana wa siku hiyo. Usiku upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani kutoka pande zote, na hewa hiyo inapokutana juu ya maji yenye joto hupanda na kuunda mawingu ya radi, kwa hiyo dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hutokea usiku wa manane hadi asubuhi, katika saa zile zile ambazo mtumbwi wa dagaa uko kazini. Nahodha akisema turudi, kamera inaingia kwenye chombo chake wakati huo huo, hata kama ulikuwa umebakiza picha moja tu.

Vifaa na namna ya kuvibeba

Beba kamera moja ndogo yenye lenzi pana na inayoona vizuri gizani, na ukiweza, kamera nyingine ndogo zaidi ya kubandika, aina ya GoPro, ambayo haihitaji kushikwa. Acha tripodi nyumbani. Mtumbwi hautulii, hivyo miguu yake itayumba pamoja nawe na kuwakwaza watu.

Fanya hesabu ya kumbukumbu kabla ya kuondoka. Video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde hula takribani gigabaiti 45 kwa saa, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 64 haifikishi hata saa moja na nusu. Chukua kadi mbili au tatu, uzifute ndani ya kamera yenyewe baada ya kuhakikisha yaliyomo yamehifadhiwa, na uzitie alama. Betri zitoshe kuanzia machweo hadi mapambazuko. Pawabenki inasaidia wakati wa kungojea, lakini usiunganishe waya wakati wavu unavutwa, kwa sababu kifuniko kikiwa wazi maji hupata njia ya kuingia.

Maji ya ziwa hili hayana chumvi, na hiyo ni nafuu kubwa ukilinganisha na bahari, lakini yanayokusanyika chini ya mtumbwi huchanganyika na mafuta ya mashine, magamba na ute wa samaki. Begi la kamera lililowekwa sakafuni litalowa mchanganyiko huo. Chombo ninachokipendekeza kuliko vyote ni ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri, yenye mfuniko wa kubana: inaelea, haipitishi maji kirahisi, haimshangazi mtu yeyote mwaloni, na unaweza kuikalia. Tandika taulo ndani, weka vipakiti vya kunyonya unyevu kama vile vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu, na uifunge kwa kamba fupi mahali atakapokuonyesha nahodha.

Kamera isining'inie shingoni. Wavu unaokimbia kuingia majini hunasa chochote kinachochomoza, na mkanda ulio shingoni unaweza kukuvuta pamoja nao. Tumia kamba ya kifundo cha mkono inayofunguka kwa kuvutwa, na vaa nguo isiyo na vifungo wala kamba zinazoning'inia. Fungia kamera boya dogo la nyavu kutoka duka la zana za uvuvi, kisha ulijaribu nyumbani kwenye pipa la maji ukitumia jiwe lenye uzito kama wa kamera, kwani boya linaloonekana kubwa mkononi huenda lisitoshe. Jaketi okozi livaliwe tangu mnapoondoka, na ujizoeze kurekodi ukiwa umelivaa, maana hubadilisha namna viwiko vinavyokaa.

Mahali pa kukaa

Nahodha ndiye anayegawa nafasi, lakini unaweza kumwomba kwa kujua sababu. Wavuvi wanapovuta wavu husogea wote upande mmoja na mtumbwi hulala upande huo, hivyo ukiwafuata ili uone vizuri unaongeza uzito mahali pabaya. Ukikaa upande wa pili unasaidia kuleta mizani, ila utarekodi migongo. Mahali panapofaa zaidi ni karibu na ncha ya mtumbwi, mbele au nyuma kulingana na ilipo mashine, chini kabisa, ukitazama kwa urefu wa mtumbwi: hapo utaona nyuso kwa ubavu, mikono ikipishana kwenye wavu, na taa ikiwamulika kutoka upande wa maji. Nenda hapo kabla wavu haujaanza kupanda, na usihame hadi umalizike. Kamera ya kubandika unaweza kuifunga kwenye ubao ulio mkabala na wavutaji, kwa idhini, mahali ambapo hakuna kamba inayopita.

Shika kamera kwa mikono miwili, viwiko vikiwa vimebana mbavuni, na uache kiuno kifuate mawimbi. Picha inayopumua pamoja na ziwa haimchoshi mtazamaji. Kinachomchosha ni lenzi kuhama huku na huko bila kutulia popote. Hesabu polepole hadi kumi kabla ya kubadilisha upande.

Mwanga

Usiwashe taa ya kamera. Wavuvi wametumia saa nyingi kuwakusanya dagaa chini ya taa zao, ambazo zamani zilikuwa karabai na sasa nyingi ni za LED zinazotumia betri au umeme wa jua, na mwanga mwingine unaozunguka juu ya maji unaweza kuwavuruga samaki hao. Zaidi ya hapo, mtu aliyemulikwa usoni gizani hupoteza uwezo wa kuona kamba iliyo mguuni pake. Punguza pia mwangaza wa kioo cha kamera yako hadi mwisho.

Mipangilio ifanywe kwa mkono, mkiwa bado mwaloni. Fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata ya 1/50 hufaa kwa sehemu kubwa ya kazi. Ukiona mistari ikipanda au kushuka kwenye picha, hiyo ni taa ya LED inayowaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho halioni. Badilisha shata kidogo, jaribu 1/60 kisha 1/100, hadi mistari ipotee. Fungua lenzi yote na upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, taratibu. Kipimo cha rangi ya mwanga kiwe kimoja, karibu na kelvini 5,600 kwa taa nyeupe, kwa sababu kikiachwa kijirekebishe chenyewe picha itageuka bluu na kurudi njano kila mtumbwi unapozungukia taa. Vivyo hivyo kwa kulenga: gizani kamera huhangaika kutafuta, basi ilengwe kwa mkono kwa mvutaji aliye karibu.

Wakati mgumu kuliko wote ni ule wavu unapotokeza. Kwa dakika nyingi umekuwa ukirekodi maji meusi na watu wa kahawia, na ghafla katikati ya picha kunaibuka rundo la fedha linalorusha mwanga wa taa pande zote. Ukiwa umepima mwanga kwa kufuata nyuso, dagaa wataungua na kuwa doa jeupe lisilo na samaki hata mmoja. Pima mwanga kwa dagaa. Kama kamera yako ina alama ya mistari inayoonyesha sehemu zilizozidi mwanga, iwashe, na ushushe ISO hadi mistari hiyo ibaki kwenye nukta chache tu za magamba. Nyuso zitakuwa na kiza kidogo, na hivyo ndivyo zilivyo kweli usiku ule.

Wadudu wa ziwani hufuata taa kwa makundi na hutua kwenye lenzi. Wapulize kwa kipulizio cha mpira. Ukiwafuta kwa kidole watapondeka na kuacha ukungu wa mafuta utakaoharibu picha zote zinazofuata.

Sauti

Mashine ikiwa inanguruma hakuna maikrofoni itakayokuokoa, kwa hiyo mahojiano yafanyike wakati wa kungojea, ambapo mashine imezimwa na wavuvi wenyewe wana nafasi ya kuzungumza. Funika maikrofoni kwa manyoya ya kuzuia upepo. Wavu unapopanda nyamaza kabisa, usiulize swali: kuna maelekezo mafupi ya nahodha, kuna maji yanayochuruzika, kisha dagaa wanaanza kupiga mbao za mtumbwi kama mvua juu ya bati. Sauti hiyo ni nusu ya video yako.

Yasiyorekodiwa

Sehemu za kutegea ni mali ya wavuvi, na wizi wa nyavu na mashine ziwani ni tishio la kweli. Zima uwekaji wa alama za mahali kwenye kamera na simu, na usionyeshe vilima au visiwa vinavyotosha kumwelekeza mtu. Katika safari za sangara usirekodi upimaji wa bondo, yaani mfuko wa hewa wa samaki huyo, wala ugawaji wa fedha, kwani thamani ya bondo inajulikana na kila mtu, wema na wabaya.

Kurudi

Huku kwetu karibu na ikweta mapambazuko ni mafupi, dakika 20 hivi, kisha jua linatoka. Badilisha mipangilio mnapokaribia mwalo ili usikose mtumbwi unavyopokewa na dagaa wanavyotandazwa kwenye chanja. Ukifika nyumbani, futa kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji safi, iache ikauke kivulini ikiwa wazi, na uhamishe video kwenye diski mbili tofauti kabla ya kufuta kadi yoyote. Kisha wape wavuvi nakala kwenye flashi, iliyokatwa vizuri na isiyozidi dakika chache, ili waweze kuifungua kwenye simu zao. Nahodha aione kabla haijaenda kwa mtu mwingine, na akiomba kipande fulani kiondolewe, kiondoe.