Hesabu ya macho: kumfunza mtoto kwa bao

Mtoto wa miaka 6 anayeweza kuhesabu hadi 20 yuko tayari. Ubao wa kuchonga si lazima. Safu 2 za mashimo 8 kwenye mchanga mbichi wa uani zinatosha. Kete ni komwe 32, mbegu za mkomwe. Huku Tanga mkomwe huota kwenye vichaka vya pwani, lakini ganda lake lina miiba, basi achume mkubwa. Kama nyumbani kuna mdogo anayetia kila kitu mdomoni, zihesabuni komwe mkimaliza.

Weka kete 2 kila shimo. Safu ya mbele ni la 1 hadi la 8, kisha mnakata kona na kurudi kwa safu ya nyuma, la 9 hadi la 16, kisha la 1 tena. Mtoto achote la 1, aangushe moja moja kwenda mbele. Ya mwisho ikikuta kete, achote zote aendelee. Ikikuta shimo tupu, amelala, yaani zamu imekwisha.

Siku za mwanzo acheze tu, mkono uzoee. Zoezi lenyewe linaanza hapa: mikono mgongoni, kabla ya kugusa chochote, aseme kete ya mwisho itaangukia wapi. Akichota mara moja, la 3. Mara mbili, la 6. Tatu, la 9. Safari nzima ni kuchota mara 7, na analala la 6, shimo aliloliacha tupu mwenyewe. Kufika huko kwa macho tu, lazima akumbuke yaliyobaki matupu na yaliyoongezeka, na hilo ndilo linalokomaza akili. Akipatia mara 3 mfululizo, mwongezee hatua moja. Ukiona midomo inacheza na macho yanaruka shimo kwa shimo, usimsemeshe.

Jibu likipungua moja, anahesabu na shimo analolichota. Liwekee jani juu. Wengine hupotea konani, la 8 kwenda la 9. Hapo apitishe kidole mara kadhaa bila kete. Akikosea usimtajie jibu, acheze aone mwenyewe. Kosa kubwa ni letu wakubwa: tunawahi kujibu, mtoto anajifunza kusubiri.

Dakika 15 kwa siku zinatosha. Akiweza safari nzima, mpe bao kamili la mashimo 32 na kete 64, mwanzoni zote zikiwa zimepangwa 2 kila shimo. Namua, yaani kuanza na kete mkononi na kuziingiza moja moja, isubiri: kushika kete 22 mkononi huku unalinda nyumba, shimo lako kuu, yenye kete 6 ni mzigo mwingine kabisa.