Testosteroni ndogo kwa kijana: ya kufanya kabla ya kukubali sindano

Karatasi ya maabara ikisema testosteroni yako iko chini, uliza kwanza damu ilichukuliwa saa ngapi. Homoni hii ya kiume huwa juu asubuhi na hushuka mchana. Chakula nacho huishusha. Kipimo cha jioni hakiamui kitu. Rudia siku nyingine, kati ya saa moja na saa nne asubuhi, ukiwa umelala vya kutosha na hujala tangu usiku. Ukiwa na malaria au homa yoyote, ngoja upone kwanza. Vidonge vya biotini vya kukuza nywele huvuruga baadhi ya mashine, kwa hiyo viache siku 2 au 3 kabla.

Vipimo viwili vikiwa chini ya nanogramu 300 kwa desilita (kama nanomoli 10.4 kwa lita), tazama dalili. Zenye uzito ni hamu ya tendo la ndoa kupotea, uume kuacha kusimama wenyewe alfajiri, ndevu kupungua na korodani kuwa ndogo. Uchovu peke yake hautoshi. Upungufu wa damu na sonona huuleta vilevile.

Kisha pima LH na FSH, homoni ambazo tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutuma kuamrisha korodani. Zikiwa juu, korodani zenyewe zimeshindwa: pengine matumbwitumbwi yaliziunguza, au umezaliwa na kromosomu XXY. Zikiwa chini au za kawaida, hitilafu iko kwenye pituitari au ubongo, na hapo prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, lazima ipimwe. Ikiwa imepanda sana, tena kichwa kinauma na macho hayaoni vizuri pembeni, huenda kuna uvimbe kwenye tezi, ambao mara nyingi hutibiwa kwa vidonge vya kabagolini. Anayechomwa testosteroni bila kipimo hiki anaweza kuukuza uvimbe huo bila kujua.

Wengine hawahitaji homoni kabisa. Mafuta ya mwilini hugeuza testosteroni kuwa estrojeni, homoni ya kike, kwa hiyo mwenye kitambi aanze na kupunguza uzito. Tramadoli ya kila siku huishusha, na kukoroma kwa kukatika pumzi kuchunguzwe. Steroidi za kujenga misuli ndizo hudanganya zaidi: kijana akiziacha, testosteroni yake mwenyewe huwa imelala kwa miezi.

Swali zito ni la watoto. Testosteroni ikiingia kutoka nje, pituitari huacha kutuma amri, korodani husinyaa, na mbegu zinaweza kuisha kabisa ndani ya miezi michache. Ukiacha, kwa wengi hurudi baada ya miezi 6 hadi 12, kwa wengine hata miaka 2, na wachache hazirudi zilivyokuwa. Kumchoma mwanamume anayetafuta mtoto ni kosa, ingawa bado wapo wanaochomwa kwa nia ya kutibu ugumba. Kama hitilafu iko kwenye pituitari, muulize daktari bingwa wa homoni kuhusu klomifeni, vidonge vinavyoichochea pituitari, kwa kawaida miligramu 25 kila siku au siku moja kwa nyingine, au sindano za hCG, homoni inayofanya kazi kama LH. Korodani zikiwa zimekufa, klomifeni haisaidii.

Ikithibitika kuwa unaihitaji, na suala la mbegu limeshapangwa, sindano ya testosteroni aina ya enanthati ya miligramu 75 hadi 100 kila wiki ni tulivu kuliko 200 kila wiki mbili, inayokupandisha siku za kwanza na kukuangusha za mwisho. Sindano ya kukaa muda mrefu, undekanoati, ni miligramu 1,000, nyingine baada ya wiki 6, kisha kila wiki 10 hadi 14. Jeli ya testosteroni ya kupaka isiguse ngozi ya mtoto wala mke. Vidonge vya methiltestosteroni vikatae, vinaumiza ini.

Pima hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, kabla ya kuanza, kati ya mwezi wa 3 na wa 6, halafu kila mwaka. Ikipita asilimia 54, dawa isimame mpaka ishuke, maana damu nzito huganda. Anayechoma kila wiki apime testosteroni katikati ya sindano mbili. Miezi 6 ikipita kipimo kiko sawa na hamu haijarudi, zungumza na daktari wako kuhusu kuisimamisha na kutafuta sababu nyingine.