Kabla ya mtihani wa kidato cha nne, angalia alama za mpakani

Wazazi wenzangu wa Dodoma, matokeo ya moko (mtihani wa majaribio) yakitoka msiishie kusoma daraja. Kaeni na mtoto, mchukue kalamu.

Kidato cha nne hesabu iko hivi: A ni kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F. A ina pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Zinajumlishwa pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili.

Mpwa wangu anasoma Kongwa, bweni. Likizo alikuja na karatasi imekunjwa mara nne, imeingia vumbi jekundu kwenye mikunjo. Kiswahili 74, historia 62, jiografia 43. Yeye alikuwa analilia hisabati tu! Nikamzungushia hizo tatu kwa wino mwekundu: akiongeza alama moja, tatu na mbili, basi, kila somo linapanda gredi na pointi tatu zinapungua. "Kumbe, mjomba?" Akanyamaza, akaanza kuhesabu upya mwenyewe.

Hisabati asiiache, jamani. Ila wiki za mwanzo aanze na masomo ya mpakani: achukue karatasi zake za moko zilizosahihishwa, atafute alama zilipodondokea, na lile swali alirudie kwa maandishi, siyo kulisoma kwa macho. Jiografia, mara nyingi ni ramani. Mwalimu wa somo akiombwa kusahihisha swali moja kwa siku, wengi hawakatai.