Uombe rivyu au uache? Kwa makepteni wa kriketi

Una sekunde 15 tu za kuomba rivyu, yaani uamuzi wa ampaya (mwamuzi) uangaliwe upya kwa teknolojia, kwahiyo usianze kikao pale katikati, muulize kipa wa wiketi (anayedaka nyuma ya mpigaji) maana ndo anaona laini ya mpira vizuri kuliko boula (mrushaji), boula kwake kila mpira ni auti jamani. Kama ni LBW (mpigaji kuzuia kwa mguu mpira uliokuwa unaenda kwenye stampu, vile vijiti vitatu nyuma yake) angalia mpira ulidunda wapi, ukidunda nje ya stampu ya legi (ya upande wa miguu ya mpigaji) achana nayo hata kama ulikuwa unaenda kugonga. Picha ikionyesha chini ya nusu ya mpira inagusa stampu, uamuzi wa ampaya unabaki ila rivyu hupotezi. Mi naona teknolojia inasaidia zaidi kwenye makosa ya wazi, mfano mpira umegusa gongo kabla kipa hajaudaka na ampaya kakataa auti, ule mstari wa sauti unaruka palepale mpira unapopita gongo, hapo omba fasta.