Kupima mkaa na gesi majumbani Dar es Salaam: takwimu zitakazofaa kwenye bajeti

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Mchumi wa mazingira anatakiwa kumjibu mpanga bajeti swali moja gumu: ruzuku ya gesi ikitolewa leo, itapunguza kilo ngapi za mkaa? Jibu hilo hutoka kwenye mizani. Dodoso peke yake halitoshi.

Anza sokoni. Ukimuuliza mama wa Tandale mkaa anaotumia, atakwambia "kopo moja kwa siku". Kopo lipi? Kila muuzaji ana lake, na hata upangaji wa mkaa ndani yake hubadilisha uzito. Kwa hiyo nunua kopo, ndoo na gunia kwa wauzaji wasiopungua kumi katika kila mtaa, pima, kisha andika bei kwa kilo. Mara nyingi utakuta anayenunua kwa kopo analipa zaidi kwa kilo kuliko mwenye uwezo wa kununua gunia zima. Hilo lipe uzito mkubwa kwenye ripoti: tatizo la familia nyingi si kwamba gesi ni ghali kwa kila mlo, ni kwamba fedha ya kujaza mtungi inatakiwa yote kwa mkupuo.

Kibali cha utafiti kinatoka COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Baada ya hapo barua zinashuka mkoani, wilayani, kwenye kata hadi kwa mwenyekiti wa mtaa. Anza mapema.

Idadi ya kaya usiikadirie kwa macho. Ikiwa matumizi yanatofautiana kati ya kaya na kaya kwa nusu ya wastani (mkengeuko sanifu) na unataka kuona punguzo la asilimia 20, unahitaji kaya kama 100 kwa kila kundi. Ukichagua mitaa kwanza ndipo kaya, zidisha kwa 1.5 hadi 2, kwa kuwa majirani hufanana. Gawa makundi kwa bahati nasibu: wanaopewa ruzuku ya gesi, wanaopewa mkopo wa gesi, na wasiopewa kitu. Ukiwaachia viongozi wachague, watawapa walio karibu nao, na hapo huwezi tena kujua kilichopunguza mkaa ni jiko au ni kipato.

Upimaji wenyewe huchukua siku nne mfululizo, ikiwemo ya wikendi. Tumia mizani ya kuning'iniza yenye usahihi wa gramu 50 au chini ya hapo. Ipe kaya mfuko wa mkaa uliokwisha pimwa, waombe wasichukue kwingine, na upime unaobaki kila siku saa ileile. Mkaa uliozimwa ili utumike tena pima kivyake; ukiwa na maji, uanike kwanza, la sivyo unapima maji. Kwa gesi, soma uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye chuma chake, utoe kwenye uzito wa leo. Andika waliokula kila mlo, ukiwahesabu kwa kipimo cha mtu mzima mmoja ili kaya zilinganishike: mwanamume wa miaka 15–59 ni 1, mwanamke mtu mzima 0.8, mtoto wa hadi miaka 14 ni 0.5. Epuka Ramadhani, isipokuwa umekusudia kuipima, maana futari na daku hubadilisha jiko zima.

Kilo moja ya mkaa ina megajuli 29 hivi, ya gesi 46. Jiko la mkaa la kawaida likifikisha robo ya joto kwenye sufuria na la gesi asilimia 55, kilo 1 ya gesi ni sawa na kilo 3.5 za mkaa. Mtungi wa kilo 6 ni kama kilo 21 za mkaa. Lakini usiishie kwenye hesabu hiyo. Chai itapikwa kwa gesi na maharage yatabaki kwenye mkaa, kwa hiyo punguzo halisi huwa dogo kuliko la karatasini.

Ukifika kwenye hesabu ya msitu uliookolewa, kuwa mwangalifu zaidi. Tanuri la udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni kavu kwa kilo 1 ya mkaa. Hata hivyo, sehemu ya mkaa unaoingia jijini hutokana na miti iliyokatwa kufungua shamba, na shamba hilo lingefunguliwa hata jijini wakiacha mkaa. Kuna pia miti inayochipua upya. Ukihesabu kila kilo iliyookolewa kuwa msitu uliookolewa, unaipa wizara ya nishati sifa ya kazi ambayo ni ya kilimo kuifanya.

Rudi kwenye kaya zilezile baada ya miezi 3, 6 na 12, uulize mtungi ulijazwa lini na uuone. Mtungi uliogawiwa si matokeo. Uliojazwa tena ndio. Bunge la bajeti huanza Aprili na mwaka wa fedha 1 Julai, hivyo muhtasari wa kurasa mbili uwe umefika wizarani kabla ya mwaka mpya. Ukurasa wa kwanza uonyeshe gharama ya serikali kwa kila kilo ya mkaa iliyopungua, ruzuku na mkopo kando kwa kando, pamoja na bei ya mkaa ya mwezi uliopima. Masika barabara zikikatika, bei hiyo hupanda, na gesi huonekana rahisi kuliko ilivyo.