Kuendesha seva ya sauti ya Linux kwa amri za pactl

Amri ya pactl hufanya kazi kwenye seva mbili za sauti: PulseAudio na pia PipeWire, mradi pipewire-pulse (sehemu ya PipeWire inayopokea amri za PulseAudio) iwe imewashwa. Anza na `pactl info`: mstari wa Server Name utakuonyesha ni ipi inayotumika.

Orodhesha vifaa vya kutolea sauti:

`pactl list short sinks`

Safu ya pili ndiyo jina la kifaa. Tumia jina hilo, si namba iliyo mwanzoni, kwa sababu namba hubadilika ukichomoa na kuchomeka kifaa. Kukifanya kiwe chaguo la kawaida:

`pactl set-default-sink JINA`

Kiwango cha sauti (@DEFAULT_SINK@ ni kifaa kilicho chaguo la kawaida):

`pactl set-sink-volume @DEFAULT_SINK@ 50%`

Usisahau alama ya asilimia! Namba tupu husomwa kwa kipimo ambacho 65536 ndiyo 100%, kwa hiyo ukiandika 50 peke yake, spika zitakuwa kama zimezimwa. Kupandisha kidogo andika `+5%`. Angalia tu usipitilize: pactl haikomi kwenye 100%, na juu ya hapo sauti huanza kukwaruza.

Kama programu moja imeng'ang'ania spika huku wewe umevaa hedifoni, tafuta namba yake kwa `pactl list short sink-inputs`, kisha uihamishe (JINA hapa ni la hedifoni):

`pactl move-sink-input NAMBA JINA`

Ukijibiwa "Connection refused", huenda umetumia sudo, yaani umeendesha amri kama root (msimamizi mkuu wa mfumo). Seva hii ni ya mtumiaji aliyeingia, si ya root. Rudia amri bila sudo. Ikiwa bado, na unatumia PipeWire:

`systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber`